Shingo ya Ilias

Hapa Ruziba, kando ya Bujumbura, ukiuliza Ilias, watakuuliza Ilias yupi. Ukisema Kapita, hata mutoto mudogo atakunyoshea kidole kule chini, fasi mitumbwi inafikia, kwenye meza za kuanikia ndagala. Akuna mutu aliyemupa ukapita, ule usimamizi wa kazi. Alijipa mwenyewe. Asubuhi mitumbwi ikifika na zile samaki ndogo, anasimama mbele ya wanawake wenye kununua, anawapanga kwa mukono: we hapa, we kule, we ngoja. Mama mukubwa mwenye watu wake na gari yake anapangwa, na anakubali, juu ukibishana na Kapita hatabeba beseni yako.

Na kubeba alikuwa anajua. Miaka ishirini na sita, mufupi, mabega mapana, macho yenye kupanda kidogo pembeni, ulimi wenye kupenda kutoka nje kazi ikiwa ngumu. Alizaliwa hivyo. Zamani watu walikuwa na majina yao ya kumuita, mi sitaandika hapa. Siku hizi tunasema trisomie, kwa Kiingereza Down syndrome, ndivyo madokta wanasema. Beseni moja ya ndagala mbichi, maji yanadondoka, mwanamuke anabeba kichwani na anapumuzika mara mbili kabla ya kufika barabarani. Ilias alikuwa anabeba mbili, moja juu ya ingine, na hapumuziki. Anakunja ngata yake ya kitambaa, anaiweka juu ya kichwa, anainama, wanaume wawili wanamupandishia, anainuka pole pole, shingo inazama kwenye mabega mpaka huioni tena. Halafu anaenda, anatukana kila mutu asiyesogea njiani.

"Mi nabeba mbili," alikuwa anaambia kila mugeni. Alikuwa anasema vile wengine wanasema jina la baba yao.

Mi ni Gélase. Shule niliacha huitième, mwaka wa nane. Nikaendesha pikipiki ya mutu, moto tunavyoita, nikauza simu, nikaenda Uvira nikarudi, mwisho nikasimamisha saluni ya mabati kando ya barabara: kiti kimoja, kioo kimoja, mashine mbili. Ijumaa saa nne, kabla ya kwenda kuoga kwa ajili ya swala, Ilias anasukuma pazia na anatoa mutu kwenye kiti.

"Toka."

"Kapita, mi ndo nilifika wa kwanza," anasema Massoudi, fundi wa mashine za mitumbwi, povu bado kwenye kidevu.

"Ijumaa," anasema Ilias.

"Kwani mi sina Ijumaa? Mi ni Mupadri?"

"We utaswali nyuma."

Massoudi anatoka kwenye kiti, anacheka, anakaa kwenye benchi na povu yake. Kila wiki ilikuwa hivyo.

Sasa, hapa kwetu kinyozi akimaliza nywele hajamaliza kazi. Anapangusa, anatia spiriti, anakanda mabega, halafu anashika kidevu kwa mukono mumoja na kisogo kwa mwingine, anageuza gafla. Ka, kushoto. Ka, kulia. Tunaita kuliza shingo. Mutu asipolizwa shingo anaona ameibiwa, atakuambia hata nywele hukunyoa vizuri. Mi nilifundishwa hivyo na yule aliyenifundisha, na yeye vile vile.

Shingo ya Ilias haikuwa kama ya wengine. Ya wengine inakataa kidogo, unasikia inakataa, ndio unasukuma. Yake ilikuwa inaenda tu. Inaenda mbali kuliko nilivyotaka, na mulio wake ulikuwa wa chini, mudogo, kama kitu kimeteleza kikaacha fasi yake na kikarudi. Mara ya kwanza niliogopa. Yeye alicheka mpaka machozi yakatoka, akashika mukono wangu, akaurudisha kwenye kidevu chake.

"Tena."

Nikafanya tena. Nikafanya Ijumaa zote, miaka mitatu.

Kiangazi cha mwaka huu, dokta Orlane akateremka Ruziba. Ni kijana bado, dada mwenye sauti ndogo, na alikuwa na musaidizi wake Rénovat mwenye kubeba makaratasi. Walikuwa wanafanya utafiti. Walikuwa wanatafuta watu wote wa Bujumbura wenye trisomie, watoto na wakubwa, wenye kutembea barabarani na wale wanafichwa ndani. Dokta alieleza mbele ya nyumba ya kina Ilias, watu wamejaa: hawa watu wana magonjwa yao yenye kuwatafuta kuliko wengine. Moyo, tezi ya koo, masikio, damu, mifupa. Vitabu vyenye kueleza hayo, alisema, wameviandika kwa kuangalia watu wa mbali. Ya hapa kwetu akuna mutu ameyahesabu. Yeye anataka kuyahesabu.

Mama yake Ilias, mama Mwantum, alisikia neno moja tu.

"Moyo mutaangalia?"

"Tutaanza na moyo, mama."

Lazima mujue, siku Ilias alizaliwa, muuguzi alimuambia mama Mwantum: hawa moyo yao haiendi mbali, usimuzoee sana. Maneno hayo alikaa nayo miaka ishirini na sita. Ilias alipokuwa mudogo alikuwa analala na mukono juu ya kifua chake. Akikohoa, mama anaacha sufuria kwenye moto. Akibeba beseni mbili, mama anamufuata kwa macho mpaka barabarani kuona kama anapumua vizuri. Alikuwa analinda moyo.

Siku ya kwenda, Ilias alikataa kuingia kwenye gari ya dokta. Alikaa chini kwenye vumbi, mikono imefungana. Dada yake Fadhila akamubembeleza, mama akamubembeleza, akuna. Mwisho akanyosha kidole kwangu.

"Na Kinyozi."

Ndivyo nilienda Kinanira.

Nyumba ya utafiti ya dokta iko juu kule kwenye mulima, nyumba ya kupanga, wameweka vitanda viwili na mashine ya kuangalia moyo. Kwenye uwanja unaona ziwa Tanganyika yote. Ilias alitafuta mitumbwi yake, akaiona midogo kama kucha, akakasirika. Akanipa mugongo mpaka walipomuita.

Walimupaka kitu cha baridi kwenye kifua, moyo ikaonekana kwenye kioo, inafunguka inafungika. Mama Mwantum alikuwa amesimama na tasbihi yake, midomo inatembea. Dokta Orlane aliangalia muda murefu. Mi sikupenda vile aliangalia.

"Moyo ni mzuri, mama. Akuna tundu."

"Umeangalia yote?"

"Yote. Moyo ya huyu inaweza kumupeleka miaka sitini."

Mama Mwantum akakaa chini kwenye sakafu pale pale. Alhamdulillah, alhamdulillah, na machozi. Kuanzia hapo nadhani hakusikia tena kitu kingine siku ile. Walimutoa Ilias damu, wakamupima masikio, yeye alikuwa anafurahi tu.

Halafu Rénovat akaleta karatasi ya maswali. Tulikaa wote kwenye viti vya plastiki.

"Anafanya mazoezi ya kupinduka, gymnastique?"

"Apana."

"Judo?"

"Judo ni kitu gani, baba?"

"Kupigana kwa kuangushana."

"Apana. Mwanangu hana fujo."

"Anaruka kwenye maji kwa kichwa?"

"Maji anaogopa. Samaki tu anapenda."

"Anapanda farasi?"

Mama Mwantum akacheka, mara ya kwanza namuona anacheka meno yote. "Farasi ya nani? Munayo hapa?"

Rénovat pia akacheka. "Ni maswali ya watu wa mbali, mama. Mi nasoma tu vile imeandikwa."

Mi ndo niliuliza mambo ya farasi yanakuja kufanya nini kwa mugonjwa. Dokta akanigeukia, akaeleza vizuri, na vidole vyake. Shingo, juu kabisa, iko na mufupa wa kwanza na wa pili. Kwa sisi kuna kamba ngumu zenye kuikamata pamoja. Kwa watu kama Ilias, kwa wengine wao, si wote, zile kamba ni laini tangu kuzaliwa. Mifupa inatembea. Na katikati ya mifupa kunapita waya ya mwili muzima: mikono, miguu, mukojo, kupumua. Mutu akianguka vibaya, au mutu mwingine akimukunja shingo kwa nguvu, mufupa unaweza kubana ile waya. "Ndio maana tunauliza," akasema. "Kuna kitu kingine, kazi au mchezo, chenye kusumbua shingo yake?"

Aliuliza watu wote pale, akiangalia mama.

"Apana," akasema mama Mwantum. "Anafanya kazi tu kama wote."

Rénovat akaandika apana.

Beseni akuna mutu alizikumbuka. Si mama, si Rénovat, si dokta mwenyewe mwenye kuzaliwa hapa na mwenye kupita kila siku katikati ya watu wenye mizigo juu ya kichwa. Mutu anabeba kichwani, mutu anapumua, ni nani ataandika hiyo kwenye karatasi. Kwa beseni mi sijilaumu. Mi najilaumu kwa kingine. Nilikuwa nimeshaweka mikono yangu chini ya mapaja, nimeikalia.

"Na wewe ni ndugu yake?" dokta akaniuliza.

"Ni kinyozi wake."

"Ah. Anakupenda sana."

Pale ndipo ilikuwa fasi ya kusema. Mama alikuwa anafuta machozi ya furaha. Ilias alikuwa amelaza kichwa kwenye bega langu. Nikasema asante, dokta.

Mchana walimupiga picha za mifupa ya shingo, kichwa mbele, kichwa nyuma. Dokta akasema kuna mutaalamu mumoja tu wa kuzisoma vizuri, ana picha za watu hamsini na nane mbele yake, tungoje wiki tatu. Mi nikajiambia: basi, picha zitasema zenyewe, bila mimi. Nyumbani mama Mwantum alipika pilau, akagawia majirani wa avenue nzima. Moyo nzima, alikuwa anasema kwa kila sahani, moyo nzima.

Ijumaa iliyofuata nilimunyoa Ilias, nikapangusa, nikatia spiriti, nikatoa kitambaa.

Hakusimama. Akanyosha kidole kwenye shingo.

"Leo apana, Kapita."

"Liza."

Nikasimama nyuma yake, nikagusa kidevu kidogo tu, nikakunja vidole vyangu karibu na sikio lake vikalia. Ka, ka. Akaniangalia kwenye kioo muda murefu.

"Iyo si yangu," akasema. Akatoka bila kuniaga.

Wiki ya pili akarudi, na mara hii Massoudi alikuwa kwenye benchi.

"Liza."

"Dokta amekataza."

"Dokta gani? Mi kapita."

"We Gélase umekuwa muvivu," akasema Massoudi. "Mupe mutu haki yake aende kuswali." Akasimama, akapangusa mafuta ya mashine kwenye suruali, akaja nyuma ya kiti na mikono yake ile mikubwa. Ilias akafurahi, akainua kidevu kumupa. Nikaona vidole vya Massoudi vinafunga kwenye taya. Nikamusukuma. Nilimusukuma vibaya, akagonga kioo, kioo ikapasuka.

"Una wazimu?"

"Usimuguse."

"Kwani ni nini?"

Sikusema ni nini. Nilisema nina malaria. Massoudi akaangalia mukono wake wenye damu, akaniangalia mimi, akatoka. Ilias alikuwa amekaa na kidevu juu, bado anangoja.

Pale ndipo niliona kichwa chake. Hata akikaa tu, kilikuwa kimelala upande wa kushoto, kama mutu mwenye kusikiliza kitu kwenye bega. Nikamuuliza inauma? Akasema apana. Ilias kila kitu kinachouma anasema apana, juu wakubwa hawalii.

Siku zilizofuata nilikuwa nateremka kila asubuhi kwenye mitumbwi bila kazi yoyote, kumuangalia. Kwanza akaanza kubeba beseni moja. Halafu akaanza kutembea vibaya, anainua magoti sana, kama kwenye mchanga wenye kuchoma, na ilikuwa asubuhi, mchanga wa baridi. Halafu siku moja, ana beseni ya mama Spéciose juu ya kichwa, mikono yote miwili ikaachia. Beseni ikaanguka, ndagala zikamwagika, zikachanganyika na mchanga.

Spéciose ndiye mununuzi mukubwa wa ndagala pale, ndiye mwenye pikapu. "Kapita, umekunywa?" akasema. "Asubuhi yote hii umekunywa?"

Ilias alikuwa anaangalia mikono yake.

"Imelala," akasema.

"Nani amelala?"

"Mikono imelala."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mi nikaokota ndagala pamoja naye. Alikuwa anashindwa kuzishika, zinatoka katikati ya vidole.

Nyumbani mama Mwantum alisema ni baridi ya maji, akawa anamusugua na mawese ya moto. Ijumaa ile Fadhila ndiye alimufunga vifungo vya kanzu, na alirudi kutoka musikitini kanzu imelowa mbele. Wale waliokuwa kwenye safu yake walisogea. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba kuna mutu amemufanyia uchawi. Asubuhi alikuwa bado anateremka kuwapanga wanawake, we hapa, we kule. Lakini bila beseni ukapita hauendi. Walikuwa wanapita mbele yake tu. Na mi nilikuwa nahesabu siku za dokta, kumi, tisa, nane, najiambia picha zitasema.

Zikasema siku ya Alhamisi. Nilikuwa nanyoa mutu, Fadhila akaingia na simu kwenye mukono.

"Kaka Gélase, Rénovat amepiga. Tuliogopa moyo bure, kumbe ni shingo. Mufupa umetoka fasi yake. Tumupeleke Jumatatu kwa dokta wa kupasua, na tangu leo asibebe hata kikombe."

"Mama amesema nini?"

"Amesema mufupa ikitoka ni kuirudisha, Jumatatu ya nini. Amemupeleka kwa muzee Népomuscène."

Muzee Népomuscène ndiye muunga mifupa wa hapa. Muguu wa Massoudi ni yeye. Kifundo cha mukono wangu, nikiwa mudogo, ni yeye. Mutu akianguka kwenye muti, akigongwa na moto, anaenda kwake kwanza, na wengi wanapona. Mama Mwantum hakufanya ujinga. Alifanya vile kila mutu wa Ruziba angefanya. Kama mufupa unatembea, kuna mutu wa kuurudisha, ni umbali wa dakika kumi, na anajua.

Nikaweka mashine chini. Yule mutu kwenye kiti alikuwa amenyolewa nusu ya kichwa.

"We, unaenda wapi? Gélase?"

Nilikuwa nimeshavuka barabara.

Muzee anakaa juu kidogo, nyuma ya mashamba ya mihogo. Nilifika pumzi imekwisha. Walikuwa kwenye uwanja. Ilias amekaa kwenye kiti kifupi bila shati, shingo inang'aa mafuta, majani ya moto yako pembeni kwenye sahani. Mama Mwantum amepiga magoti mbele yake, amemushika mikono. Muzee alikuwa nyuma, amefunga macho, vidole vinashuka kwenye shingo pole pole, vinatafuta. Mukono mumoja ukapanda kwenye kidevu.

"Nimeupata," akasema. "Tutavuta kidogo. Halafu tutaugeuza mara moja tu, hatasikia."

"Muzee, acha."

Hakufungua macho. "Nani?"

"Gélase. Kinyozi."

"Kaa chini, mwanangu," akasema mama Mwantum. "Usikatize mutu kazi."

"Muzee, ile mufupa si ya kurudisha. Ni kamba zake zimelegea. Ukigeuza unabana waya ya mwili, mutu anakufa."

"Nani alikuambia?"

"Dokta. Kule Kinanira." Nikaangalia mikono yangu. "Na mi mwenyewe nilikuwa naigeuza. Kila Ijumaa. Miaka mitatu."

Muzee akafungua macho. Mama Mwantum hakusimama, hakuachia mikono ya Ilias. Aligeuza uso tu.

"Ulikuwa Kinanira na sisi."

"Ndio, mama."

"Ulikuwa umekaa pale kwenye kiti."

"Ndio."

"Dokta akauliza."

"Aliuliza."

Akaniangalia. Mi ningependa anitukane. Akarudisha macho kwa mutoto wake.

"Toa mikono, muzee," nikasema.

"Sitoi," akasema Népomuscène. "Nina kitu hapa chini ya kidole, nilidhani ni cha kurudi. Kama ni vile unasema, nikitoa mikono sasa kichwa itaangukia wapi? Fadhila iko na simu? Muite yule dokta."

Fadhila alikuwa amenifuata. Dokta Orlane alijibu haraka, tukamusikia wote, simu iko wazi katikati ya uwanja. Je, anatembea? Anashika vitu? Amekojoa bila kujua? Fadhila akajibu. Akamuambia pia kichwa kiko kwenye mikono ya mutu.

"Nani anashika kichwa?"

"Muzee Népomuscène, muunga mifupa."

"Muzee, usimuachie," akasema dokta. "Mulaze chali, amenyooka, kichwa na kifua pamoja, kama ubao. Mi nateremka na kola ya shingo. Tutakutana njiani."

Wakati wanatafuta mulango wa kumulazia kama kitanda, Ilias akachoka kungoja. Akasema, "Mi natembea," akainuka, muzee akainuka naye, mikono iko pale pale. Muguu wa kulia ukaja. Wa kushoto ukabaki. Ilias akauangalia chini.

"We, kuja," akauambia.

Haukuja. Nikaruka kumukamata kiuno.

"We usimuguse," akasema mama Mwantum.

Nikarudisha mikono.

Walimulaza juu ya mulango wa mbao, wanaume wanne wakamubeba mpaka barabarani, Massoudi ni mumoja wao. Pikapu ya Spéciose ikaja, inanuka samaki, dereva wake Birindwa amevua kofia. Muzee akapanda nyuma, akakaa upande wa kichwa cha Ilias na miguu imepanuliwa, mapaja yake yamebana masikio, mikono imebana taya. Hakunyanyua mukono hata mara moja, hata kupangusa jasho. Ilias alikuwa anaangalia mbingu na anatoa amri. "Pole pole. Musiangushe."

Leo ninapoandika ni wiki ya saba. Yuko mjini kwenye hospitali, amelala na kola, misumari midogo imeshika kichwa isitembee. Mukono wa kulia unashika kikombe. Ule upasuaji haufanyiki hapa, wametuma picha nje, jibu halijarudi. Niliacha saluni. Fadhila ndiye ananiambia habari, mama yake hajui kwamba ananiambia.

Narudi kwenye siku ile ya pikapu. Barabara ya kutoka Ruziba munaijua, au kama hamuijui, ni mashimo. Nyuma kwenye pikapu akuna fasi yangu ilikuwepo, mbele vile vile. Basi nikatembea mbele ya pikapu kwa miguu. Kila shimo nanyosha mukono, Birindwa anakata upande. Moto zinapiga honi nyuma yetu. Kila tairi likigonga kitu nilikuwa nasimama na kusikiliza kama Ilias bado anatukana.

Karibu na daraja la Kanyosha gari ya dokta ikatukuta. Orlane akapanda nyuma ya pikapu na viatu vyake vizuri, akamuvalisha kola, na muzee akatoa mikono pole pole, kidole kimoja kimoja. Vidole vyake vilikuwa vimekunjana, havikuweza kunyooka.

Dokta akaenda miguuni. Akabana kidole kikubwa cha muguu wa kushoto.

"Ilias, nagusa wapi?"

Ilias akafikiri. Akaangalia mama kwa pembe ya jicho, akaangalia muzee.

"Kulia," akasema.

Akabana tena, kwa nguvu. "Na sasa?"

"Kulia."

Dokta akauachia muguu. Akateremka, akatoa ile karatasi ya maswali kwenye mufuko, akauliza ni nani anaweza kumueleza shingo hii imefanya nini miaka hii yote. Mama Mwantum, bila kugeuka, akanyosha mukono kwangu.

"Kila Ijumaa?" dokta akauliza.

"Kila Ijumaa."

"Kushoto na kulia?"

"Pande zote mbili. Wakati mwingine mara mbili, akiomba."

Alikuwa anaandika juu ya bodi ya gari, chini ya lile swali la farasi, fasi nyeupe yenye kubaki.

"Na mizigo? Anabeba?"

"Beseni mbili za ndagala, dokta. Kila asubuhi."

"Anabeba namna gani?"

"Kichwani."

Kalamu ikasimama. Kwenye daraja wanawake walikuwa wanapita na mihogo, na mafuta, na maji, shingo zimenyooka. Akawaangalia. Akakunja karatasi, akapanda nyuma, akakaa upande wa miguu ya Ilias kuikamata. Birindwa akaniuliza kwa macho kama naendelea kutembea mbele. Dokta akasema kutoka hapa barabara ni nzuri. Wakaondoka.